Re: Turnevisi za Birere: kasha la vipande 100 ao moja moja?

Kaka, umeuliza kama ununue turnevisi za soko la Birere, Goma, kwa kasha la vipande 100 ao moja moja. Kwa bawaba, vitasa na prizi ulivyotaja, acha kasha. Nyingi hutazigusa, na zile mbili utakazotumia kila siku ndizo zitaisha kwanza.

Nunua nne nzuri: bapa ya milimita 3 na ya 5.5, PH1 na PH2 (PH ni Phillips, ncha ya msalaba; namba ni ukubwa). Kisha ongeza PZ2 (PZ ni Pozidriv, msalaba unaofanana na huo), maana hapo ndipo visi nyingi huharibika. Visi ya PZ ina mistari minne midogo kati ya mikono ya msalaba, PH haina. Ukiingiza PH2 ndani ya PZ2 inaonekana kukaa, lakini haigusi kuta zote: ukikaza inaruka na kula kichwa cha visi. Watu wanalaumu chuma bure.

Dukani, enda na visi yako. Ichomeke kwenye ncha, itingishe. Ikicheza sana, rudisha. Maandishi "Chrome Vanadium" peke yake si ushahidi, kila bandia inayo. Kama muuzaji anakubali, pitisha tupa polepole kwenye ncha: ikiteleza, chuma kimekomazwa, ikikwaruza kirahisi, ncha itapindika.

Vichwa vya mashine ya kukaza visi chukua vya chuma S2 (aina ya chuma kigumu cha vifaa), shina la milimita 6.35, PH2 na PZ2 vitatu vitatu.

Kwa prizi, tumia turnevisi yenye alama ya 1000 V (volti) tu, na bado uzime disjonkta kwanza. Mpini wa plastiki wa kawaida si kinga.