Final Fantasy VI kwenye simu: chukua ya 2022

Ndugu, umeuliza kama gemu ya Final Fantasy VI ya simu inafaa, maana umesikia picha zake ziliharibiwa. Waliolalamika walikuwa sahihi, ila walizungumzia toleo la 2014, lile lenye sura laini kama za stika. Wewe chukua Pixel Remaster ya 2022, yaani toleo lililochorwa upya kwa pikseli, vile vinukta vya picha za gemu za zamani. Pikseli zake zilisimamiwa na Kazuko Shibuya, mama aliyechora wahusika wa gemu hizi tangu mwanzo, na inaonekana.

Fika tu pale kwenye tukio la opera, mchezo wa jukwaani wa kuimba. Mwaka 1994, gemu ilipotoka mara ya kwanza, Celes, mmoja wa wahusika, "aliimba" kwa mlio wa mashine, nasi tulijaza sauti wenyewe kichwani. Sasa anaimba mtu kweli, na okestra nyuma yake. Mimi nilisimamisha kula.

Unalipa mara moja tu, hakuna matangazo, na ukishaipakua haili bando. Inajihifadhi yenyewe, kwa hiyo hata daladala ikifika kituoni hupotezi kitu. Kasoro ninayoiona kubwa: pango la ziada na mazimwi yaliyoongezwa kwenye toleo la Game Boy Advance, mashine ya gemu ya mkononi ya Nintendo, hayamo. Hilo linaniuma, lakini hadithi yenyewe iko kamili.