Re: Chaneli ya 1391 imekufa, zingine ziko sawa

Niaje buda. Kwa hivyo maks yako ya CWDM (kifaa kinachopitisha chaneli kadhaa za mwanga kwenye faiba moja, kila moja na urefu wake wa wimbi), Westlands hadi Industrial Area, inapitisha zote isipokuwa ya nanomita 1391 tu. Kwanza safisha konekta, kisha pima pawa ya mwanga pande zote mbili, SFP (moduli inayotuma na kupokea mwanga) ikiwa mbovu utajua hapo. Kama inatoka poa na inafika imekufa huenda ni faiba, zile za zamani zina mabaki ya maji kwenye glasi yanameza mwanga karibu na nanomita 1383, na testa ya nanomita 1550 haikuonyeshi kitu, mimi nilipoteza siku mbili nikilaumu filta (sehemu ya maks inayotenga chaneli moja) bure. Sijui yenu ni ya mwaka gani. Ikiwa ni faiba, hamia 1471 hadi 1611, ni chaneli nane kila nanomita 20. Ukiagiza maks mpya waambie filta ya kwanza huku iwe ya mwisho kule, hasara za mwanga kwa kila chaneli zisawazike.