Angalizo la mvua kubwa Dodoma: usilisome kama ahadi

TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, wakitoa angalizo la mvua kubwa kwa mkoa wa Dodoma, halafu usiku ukapita mkavu pale Kisasa, mjini Dodoma, asubuhi magrupu ya WhatsApp yanajaa vicheko. "Wametupiga tena!" Mimi nina shamba la zabibu upande wa Mpunguzi na taarifa hizo huwa nazifuatilia kwa karibu, maana zinagusa mfuko wangu. Naona wanaocheka hawajaisoma taarifa yenyewe. Wamesoma kichwa chake tu.

Mara nyingi imeandikwa "maeneo machache ya mkoa". Mkoa huu una zaidi ya kilomita za mraba 41,000. Mvua yetu nyingi hutoka kwenye mawingu ya radi, yale yanayopanda mchana ardhi ikishachemka, na wingu moja linaweza kulowesha Ihumwa likaiacha Nala na vumbi lake. Kwa hiyo Kisasa kubaki kukavu si ushahidi wa chochote.

Tazama pia vitu viwili ambavyo wengi huviruka: uwezekano wa kutokea, na kiwango cha athari. Uwezekano ukiwa mdogo na athari kubwa, mimi hujiandaa. Kusafisha mtaro kunanigharimu jasho tu. Rangi nazo zina maana: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa.

Halafu hilo neno "mvua kubwa" lina kipimo: zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa lako la mita za mraba 100 litamwaga lita 5,000 kwa milimita hizo 50. Mji wetu kwa mwaka mzima hupata kama milimita 550 hadi 600, yaani siku moja ya namna hiyo inakaribia sehemu ya kumi ya mvua ya mwaka, na inadondoka kwenye ardhi iliyokauka tangu Mei. Ardhi hiyo haiwahi kunywa. Maji yanatafuta korongo, au sebule yako.

Kwenye zabibu, mavuno ya Februari na Machi ndiyo yananinyima usingizi. Zabibu iliyoiva ikipigwa na mvua hunyonya maji, hupasuka, ukungu unaingia. Kwa hiyo nikiona angalizo la kesho au keshokutwa, nachuma zilizo tayari hata kama bei ya siku hiyo hainifurahishi, na dawa sipulizi, itaoshwa yote. Aliyeanika karanga au alizeti naye aanue mapema, asisubiri ngurumo.

Mvua ya mawe ni habari nyingine. Hakuna atakayekutajia siku moja kabla kwamba itapiga shamba lako. Huku chini tuna joto, ila kilele cha wingu la radi ni barafu tupu, na upepo unaopanda ndani yake ndio unaokuza mawe. Tena simu inayokuandikia "asilimia 40" ya uwezekano wa mvua haijui lolote kuhusu hilo wingu lako.

Utabiri wa msimu, wa Novemba hadi Aprili, nautumia kuchagua mbegu tu. Mvua ya "wastani" inaweza kuja yote Desemba, Februari ikawa kavu. Ndiyo maana uwele na mtama siviachi.

La mwisho ni korongo. Linaweza kujaa ukiwa umesimama juani, maana mvua imenyesha huko juu usikokuona. Maji yake mara nyingi hupungua baada ya saa chache. Dereva wa bajaji akisema "tunapita tu, kaka", mlipe nauli yake, shuka.