Kinoo cha kuvuta au jiwe? Nimetumia vyote viwili

Mkuu, umeuliza ununue kinoo kipi cha nyumbani, kile cha plastiki cha kuvutia kisu au jiwe. Mimi nasema chukua jiwe.

Nilianza na cha kuvuta. Kilikuwa na matundu mawili: la kwanza lina vipande vya kabaidi, yaani kitu kigumu kuliko chuma cha kisu, vilivyokaa kama herufi V, la pili lina kauri. Ukivuta mara tatu nne kisu kinakata hapohapo, ndiyo maana watu wanakipenda. Ila kabaidi inakwangua. Nilikuwa nafuta unga wa chuma mezani kila nikinoa, na baada ya wiki nyanya inabonyea tena badala ya kukatika. Mwaka haukuisha, kisu changu kikaliwa katikati. Nikikilaza kwenye ubao naona mwanga chini yake, na kitunguu nikikata kinabaki kimeshikana kama mnyororo. Iliniuma sana, kilikuwa kisu kizuri.

Kama tayari unacho, tumia tundu la kauri tu, kwa mkono mwepesi. Visu vya Kijapani usiviingize humo kabisa. Chuma chake ni kigumu, makali humeguka.

Jiwe tafuta la pande mbili, namba 400 na 1000. Namba ikiwa ndogo, chembe ni kubwa: 400 ni ya kisu kilichokufa, 1000 ya kunoa kila mara. La 3000 kwenda juu ni la kulainisha makali, kwa jikoni unaweza kuishi bila hilo. Lilowanishe maji, liweke juu ya kitambaa kibichi lisiteleze. Inua mgongo wa kisu kama unene wa boksi la kiberiti lililolazwa, na usiibadilishe hiyo pembe hata kidogo. Noa upande mmoja, kisha papasa upande wa pili kwa kidole gumba, kutoka mgongoni kuelekea kwenye makali. Utasikia kitu kinakwaruza. Kikikwaruza urefu wote, geuza. Usipokisikia, bado hujanoa, hata kama mkono umechoka. Mwisho pitisha taratibu mara chache, huku na huku, mpaka mkwaruzo uishe.

Kisu cha mkate chenye meno usikinolee hapo.

Na kabla hujaenda dukani, pindua kikombe cha kauri. Ule mduara wa chini usiong'aa unanoa. Jaribu leo.