Kuhusu wale ng'ombe

Mwanangu,

Umeniuliza kwenye simu kwa nini tusiuze ng'ombe tukalima mahindi shamba lote, maana kibarua wa kukamua amekuwa ghali. Nilicheka tu, lakini jibu ninalo.

Mahindi ya huku Trans Nzoia hayana haraka. Hiyo mbegu ya 614 tunaipanda mvua za Machi au Aprili zikishika, na ni Oktoba au Novemba ndipo tunakata na kuyasimamisha kwa mafungu yakauke. Hapo hujauza hata debe. Bodi ya nafaka inataka unyevu usizidi 13.5%. Babu yako alikuwa akitia punje na chumvi kavu kwenye chupa, anatikisa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yanarudi juani. Kisha usubiri malipo, na Januari shule imeshafunguliwa.

Wewe umesomeshwa na maziwa ya jioni. Ya asubuhi yalikuwa ya baba yako, yakiandikwa kwenye kitabu cha chama cha ushirika. Ya jioni, kwa desturi yetu, yalikuwa yangu, na hakuna aliyeniuliza nimeyapeleka wapi. Mengine niliyagandisha kibuyuni yawe mursik, mengine niliwauzia walimu. Sare zako zilitoka humo.

Tena mahindi ni mgeni hapa. Wazee walifuga na kupanda wimbi. Walowezi ndio waliolima mahindi ya kuuza, hasa reli ilipofika Kitale mwaka 1926, na mbegu chotara ya kwanza, H611, ilitoka kituo cha utafiti cha hapo hapo mwaka 1964. Babu yako alikuwa mkamuaji wa mlowezi. Ng'ombe wa maziwa wa Ayrshire aliwajulia huko. Alipopata ekari zake baada ya uhuru alinunua mtamba kabla ya kununua jembe la kukokotwa, na watu wakamwona hana akili.

Jirani yetu wa ng'ambo ya mto aliuza mifugo yote. Sasa kila msimu ni mbolea ya DAP juu ya DAP, udongo umekuwa chachu, ananunua chokaa kuutuliza. Mabua yake anayachoma! Yetu tunayakatakata, tunanyunyizia molasi, ng'ombe wanavuka nayo kiangazi, na samadi inarudi shambani kabla ya kupanda.

Lakini nakubaliana nawe kwa moja: yule Friesian mkubwa auzwe. Anakula kuliko anavyotoa, na kila mwezi daktari yuko hapa. Ayrshire wawili na mtamba wao wabaki. Tukifanya hivyo, kibarua mmoja atatosha, na jioni nitakamua mwenyewe.

Visu vya mashine ya kukatia mabua vimeisha makali. Niulizie bei huko Nairobi, uje navyo Desemba.

Mama yako