Jibu refu kwa anayetaka kuzunguka na watoto kwa gari kutoka Mombasa

Dadangu umeuliza likizo ya Agosti uwapeleke wapi watoto wako wa miaka 6, 9 na 11 kwa gari kutoka Mombasa, wafurahi na wajifunze kitu, bila ya kuinamia simu kutoka Changamwe mpaka mnakoenda. Walionitangulia hapa wamekupa orodha za mahali na mahali penyewe ni pazuri, sina ubishi. Lakini mie orodha ndiyo iliyonitia taabuni mara ya kwanza, hebu nikueleze.

Nilijifanya mjuaji. Siku moja tu: magofu ya Gede, nguzo ya Vasco da Gama kule Malindi, halafu lile korongo la Marafa, kisha turudi tulale kwetu. Kwenye karatasi ilikaa vizuri sana. Tulitoka saa 12 asubuhi, Mtwapa jam, kabla ya Kilifi mdogo akatapika mbaazi zote juu ya kiti (mahamri na mbaazi halafu gari, hilo kosa langu), Gede tukazunguka kama tunafukuzwa mie nikiangalia saa, na tulipofika kwenye nguzo mkubwa akakataa kushuka. "Baba, si ni nguzo tu?" Nikaanza kumweleza kwamba Vasco da Gama alifika hapa 1498 na mfalme wa Malindi akampa rubani wa kumvusha mpaka India. Akasema "eeh", akafunga macho. Marafa hatukufika. Kurudi garini kimya, ile harufu ya mbaazi sikwambii.

Safari iliyofaulu ilianzia mlangoni kwetu. Mfereji ulikuwa umekauka siku ya nne, tunanunua maji ya mkokoteni, na binti yangu wa kati amesimama anahesabu mitungi ikiteremshwa, akauliza: kwani maji ya mfereji yakija, yatoka wapi? Mamake akamjibu, mengine Mzima. Mzima ni wapi? Tsavo. Tsavo kwenye simba? Eeh huko huko. Basi wiki nzima nyumba haikulala, maji yatokaje Tsavo yakafika Mombasa, kwa bomba, bomba refu namna gani, simba hawalitoboi? Nikasema haya, likizo twende tukaone. Hapo ndipo nilipojifunza mambo ya safari na watoto: mwache mtoto aje na swali lake la nyumbani, wewe kazi yako ni kuendesha gari kulifuata hilo swali moja, mengine yatajileta yenyewe njiani.

Na yalijileta. Siku tatu tulizipanga hivi: siku ya kwanza Mombasa mpaka Voi, ni kama kilomita 150, wengine wanazipita kwa pupa lakini na watoto inatosha, maana kuanzia Miritini mpaka Mariakani uko nyuma ya trela na huna la kufanya. Siku ya pili alfajiri tukaenda Mtito Andei, tukaingia mbugani Tsavo West kwa geti la hapo, tukarudi Voi kulala. Siku ya tatu nyumbani.

Mackinnon Road tukasimama kwenye ule msikiti ulio kando ya reli, penye kaburi la Sayyid Baghali Shah. Wasafiri wengi husimama pale hata wasiokuwa Waislamu, kuna kivuli, unaswali, unanyoosha miguu. Watoto wakapewa kisa chake, kwamba alikuwa mfanyakazi wa reli, na wenzake wakibeba karai la udongo kichwani, la kwake wanasema lilikuwa laelea juu ya kichwa halikigusi. Mdogo wangu mpaka Voi anajaribu na kofia. Na kwa sababu ya karai tukajikuta tunaongea reli bila kupanga: ilianza kujengwa Mombasa 1896, ikafika Kisumu 1901, na hii ya SGR iliyoanza 2017 inakwenda nayo sambamba huko ng'ambo. Mkubwa ndiye aliyeuliza mbona hii mpya imeinuliwa juu ya tuta, na kabla sijafungua mdomo tukaona mwanya chini ya tuta, akasema ni mlango wa ndovu. Ndiyo hasa, imeachiwa mianya wanyama wapite chini. Kutoka hapo ikawa mashindano ya kuona mlango wa ndovu kwanza, simu hakuna aliyeikumbuka.

Ndovu wenyewe tuliwaona kabla ya kuingia mbugani popote, wako tu kando ya barabara mbele ya Voi, wekundu kama matofali. Ni ule udongo, wanajirushia vumbi. Binti yangu akauliza wakioga warudi rangi gani, tukaiandika kwenye daftari. Daftari nakushauri sana, la kurasa chache, kila swali ambalo hulijui jibu lake mnaliandika badala ya kubahatisha. Mie nilikuwa baba wa kubahatisha, nimeacha.

Daraja la mto Tsavo nalo. Nikawasimulia wale simba wawili wa 1898 waliokuwa wakichukua wajenzi wa reli usiku kwenye mahema mpaka kazi ya daraja ikasimama, madume lakini hawana manyoya ya shingoni, Patterson, msimamizi wa ujenzi wa daraja, akawaua Desemba mwaka huo huo na mpaka leo wako Chicago kwenye jumba la makumbusho la Field. Kisa kilipendwa sana. Isipokuwa mdogo tangu hapo hakutaka tena kukojoa kando ya barabara hata kwa kushikwa mkono, kwa hivyo pima umri wa wako kabla hujasimulia, wa miaka 6 mwambie wakati wa kurudi.

Chemchemi za Mzima sasa. Pale unaruhusiwa kushuka gari na kutembea, askari wa mbuga anakwenda nanyi kwa sababu kuna viboko na mamba, na kwa watoto waliofungwa mikanda tangu alfajiri ile ruhusa peke yake ni sikukuu. Maji ni meupe unaona mpaka chini. Kuna chumba kimejengwa chini ya maji kina madirisha ya kioo, unashuka ngazi, unakaa kimya, samaki wanakupita usoni. Kiboko tulimuona masikio tu kwa mbali, lakini samaki walitosha, tulikaa mule mpaka askari akaanza kutuchungulia. Yeye ndiye aliyewaeleza vizuri kuliko mie: mvua inanyesha milima ya Chyulu, haitengenezi mto, inazama ndani ya mawe ya volkano, inasafiri chini kwa chini inachujwa, inakuja kutokea hapa. Wangu wakaitikia kama wanafunzi wanavyoitikia, yaani hawajaelewa.

Tukaenda Chaimu, kile kilima cheusi cha volkano, ni humo humo mbugani. Binti akachukua chupa ya maji akamimina kwenye zile kokoto nyeusi. Yakatoweka. Hata doa halikukaa. Akamimina tena, mkubwa akapiga magoti kuyatafuta, hakuna. "Sasa yanakwenda nyumbani?" mdogo akauliza. Nikawaambia yakifika tutayajua kwa ladha. Tulimaliza chupa mbili nzima pale na jua lile, mamake akaanza kupiga kelele kwamba ndiyo ya kunywa.

Kwa hiyo maji beba mengi kuliko unavyodhani. Tiketi za mbuga unalipia kabla kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali wa malipo, usiende na pesa taslimu mkononi ukifikiri utamalizana na mtu getini, na watoto bei yao ni ya chini. Mafuta jaza Voi au Mtito. Chakula: asubuhi mkate mkavu na ndizi basi, viazi karai na bajia weka za mchana mkishasimama, kachri na mabuyu za kutafuna njiani (mabuyu mengi gari lote linakuwa jekundu, umeambiwa). Tumbili wa huko msifungue sufuria mbele yao, sisi walichukua mfuko wa mahamri mbele ya macho yetu na wakala juu ya gari letu.

Kama siku tatu ni nyingi au mfuko hauruhusu, swali la maji lina safari ya siku moja pia, nenda Shimba Hills. Chemchemi za Marere ziko huko na nazo zaleta maji Mombasa. Unateremka kwa miguu na askari mpaka maporomoko ya Sheldrick, kushuka raha, kupanda wa miaka 6 atabebwa. Palahala nao, wale swala wakubwa wa pembe ndefu, kwa Kenya ni huko tu. Likoni feri ikikukera pita Dongo Kundu, na yale madaraja ni burudani tosha kwa watoto.

Gede tulirudi baadaye, safari hii peke yake, siku nzima. Mambo tofauti kabisa. Nikawaambia tafuteni visima. Wakakimbia nyumba hadi nyumba, wakagundua na vyoo, wakacheka robo saa. Watu wa Gede walihama karne ya 17, na moja ya sababu zinazotajwa ni maji ya visima kushuka, kile kisima cha msikiti mkuu kilichimbwa tena kiende chini zaidi. Mtoto aliyekaa siku nne bila mfereji hilo halihitaji kuelezwa mara mbili. Jirani pale kuna mradi wa Kipepeo, wanakijiji wanafuga vipepeo na kuuza pupa (yaani kiwavi kabla hajawa kipepeo) ng'ambo, pitieni.

Baada ya Tsavo muuza maji alipokuja tena, binti akamfuata mpaka kwenye mkokoteni, mzee haya ni ya Mzima ama ya Marere? Akamtazama. "Ya kisima cha Kisauni, mamangu." Limeandikwa kwenye daftari.

Mwisho ni gari. La kwetu ni dogo la kawaida, Agosti barabara za Tsavo West zilikuwa kavu na tulipita polepole bila shida, Novemba mvua zikiwa zimeshika nisingelipeleka. Angalia tairi ya spea ina upepo, na jeki, na spana ya magurudumu uione kwa macho yako kabla ya kutoka, usiamini tu kwamba iko. Sisi tulikaa Maungu saa mbili na nusu juani tunaazima ya dereva wa trela.