Spesa za milimita 20 kwenye Fielder, nifunge au niache?

SWALI: Fundi salaam aleikum. Niko Malindi, nina Fielder NZE141 naitumia kwa kazi, kubeba watu Watamu na Kilifi, mara nyengine mpaka Mombasa. Nimenunua rimu za sport zimeandikwa 16x7J ET45, zile za zamani zilikuwa 15x6J ET45. Tundu za nati zimekubali vizuri tu lakini mbele tairi inagusa shoki kwa ndani. Kuna jamaa ana spesa za milimita 20, vile vipande vya kuweka kati ya rimu na habu (kitovu gurudumu linapofungwa), zile bapa zisizo na stadi (bolti za kufungia nati) zake, ananiambia nachomeka nafunga na nati zangu zilezile mambo yameisha. Nifunge?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Hizo usifunge, na kama ashakufungia zitoe kabla hujapakia abiria. Spesa yenyewe si kitu kibaya, nafungia watu na wanatembea salama, lakini hiyo uliyopewa ni nene sana kwa aina yake.

Stadi za Toyota yako ni M12 na uzi wa 1.5, yaani nati ikizunguka mara moja inaingia milimita moja na nusu. Nati inatakiwa ishike uzi kwa urefu usiopungua unene wa stadi yenyewe, milimita 12, kwa hivo ni mizunguko 8 kamili. Sasa ukiweka bapa ya milimita 20 hapo katikati, hizo 20 zote zimeliwa kwenye stadi, nati itashika nchani tu, na wewe ukifunga kwa wili spana utahisi imekaza sawasawa kumbe imekaza kwa nyuzi mbili tatu, siku unakata kona umejaza watu au umepiga breki ya ghafla zile nyuzi zinachunika na gurudumu linatoka. Jaribu mwenyewe gari ikiwa juu ya jeki na stendi: zungusha nati kwa mkono huku unahesabu kuanzia inaposhika. Haifiki 8, hiyo spesa haifai, haijalishi nani kakuambia.

Halafu hebu tuangalie hesabu maana naona hata hizo 20 huzihitaji. 7J ni pana kuliko 6J kwa inchi moja, milimita 25.4, na kwa kuwa ET, yaani milimita kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka uso wake unaokaa kwenye habu, ni ileile, upana huo umegawanyika nusu kwa nusu, 12.7 umeingia ndani na 12.7 umetoka nje. Ndo maana unagusa shoki. Ukiweka spesa ya 20 ET yako inashuka kutoka 45 mpaka 25, na ukingo wa nje unakuwa umetoka milimita 32.7 kuliko zamani. Hapo shoki umeinusuru lakini tairi itaanza kula fenda kila ukipita tuta na watu nyuma, na beringi inabeba mzigo ukiwa mbali zaidi na habu, ni kama kubeba ndoo ya maji mkono umenyoosha, na steling nayo inakuwa nzito na inavutwa na mashimo.

Kwanza hukuniambia tairi ni saizi gani. Kama umeweka ya upana wa milimita 215, anza hapo, ukishuka 205/55R16 unapata kama milimita 5 kwa ndani bila spesa yoyote, na kimo chake kinakaribiana sana na ile 195/65R15 kwa hivo spidomita haikudanganyi. Bado inagusa? Rudi kwa aliyekuuzia rimu umuombe mbadilishane upate 7J ET38. Hiyo inakutoa kwenye shoki milimita 7 sawasawa na spesa ya 7, tofauti ni kwamba hakuna kipande cha ziada cha kulegea. Mimi ningefanya hivi kwanza, hata kama ni kuongeza pesa kidogo.

Ikishindikana kabisa, spesa ya 5 inaweza kutosha, ila mizunguko uihesabu vilevile. Ukipita hapo ni stadi ndefu, zinatolewa za zamani kwenye habu zinapigwa mpya kwa presi, kazi ya fundi huyo. Na hizo za 20 kwenda juu ziwe zile zinazofungwa kwenye habu kwa nati zake halafu zina stadi zake za kubeba rimu, na ncha za stadi za gari zisitokeze kusukuma rimu. Usiweke mbili mbili kwa kupandanisha, kamwe.

Kuna kitu watu wengi hawaangalii: tundu la katikati. Habu ya Fielder yako ni milimita 54.1, rimu nyingi za sport zina tundu la 73.1 ili ziingie magari mengi. Spesa bapa inafunika ule mdomo wa habu, rimu inabaki imening'inia kwa nati peke yake, ukifika 80 au 100 barabara ya Mombasa steling inatetemeka, unapeleka balansi mara nne na haiponi. Tafuta spesa yenye mdomo wake wa 54.1 na ringi ya kujaza tundu la rimu.

Na nati, tafadhali. Rimu original za aloi za Toyota nyingi zinatumia nati yenye shingo na washa bapa, rimu za sport nyingi zinataka nati ya koni. Ukichanganya, nati haikai kwenye kiti chake na italegea tu. Angalia umbo la tundu la rimu kabla hujanunua.

Sisi wa pwani tuna chumvi hewani, aluminiamu ya spesa na chuma cha habu vinang'ang'aniana mpaka unapiga nyundo. Sugua habu kwa brashi ya waya iwe safi kabisa, paka grisi ya shaba nyembamba kwenye uso wa habu, lakini usipake kwenye uzi wa stadi maana nati itakaza kupita kiasi. Kaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, 103 Nm, kwa msalaba, si kwa kuruka juu ya wili spana. Nenda Kilifi urudi, halafu ikipoa kaza tena kwa toki ileile kabla ya safari nyengine.